Maelezo kwa Mwenye Nia ya Kuihuisha Spitfire

Mtu aingiwapo na shauku ya kuirusha tena ndege ya vita iliyolala chini kwa miaka 80, aghalabu chombo cha kwanza anachokitafuta ni nyundo, na cha pili ni mfuko wa fedha. Nami, ingawa siidharau nyundo wala siubezi mfuko, ningemshauri atangulize miwani. Kazi hii huanza kwa kusoma na humalizika kwa kuandika, na baina ya kusoma na kuandika ndipo zilipo kelele zote za karakana ambazo watazamaji hudhani kuwa ndiyo kazi yenyewe. Nitakayoyaeleza hapa yanahusu Spitfire ya Waingereza, kwa kuwa ndiyo ambayo mafundi wa siku hizi wameihuisha mara nyingi kuliko nyingi za rika lake. Lakini mwenye kuiandama ndege nyingine ya zama hizo atakuta njia ni ile ile, vituo tu ndivyo vinavyobadilika majina.

Anza na nasaba. Spitfire ya kwanza iliruka Eastleigh, karibu na Southampton, tarehe 5 Machi 1936, na aliyeibuni, R. J. Mitchell, alifariki mwaka uliofuata pasi na kuiona vitani. Baina ya 1938 na 1948 ziliundwa zaidi ya 20,000, na zaidi ya nusu yake zilitoka katika kiwanda kimoja, Castle Bromwich, karibu na Birmingham. Kila moja ilipewa herufi na nambari za jeshi, mfano wa mtu na jina la baba yake, na ikaandikiwa kadi iliyoonyesha siku ilipopokewa, kikosi ilichokitumikia, ajali iliyoipata, na siku ilipofutwa daftarini. Kadi hizo, pamoja na wingi wa michoro ya kiwanda, zimehifadhiwa katika makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza yaliyoko Hendon, London. Kabla hujatoa senti moja kumpa mwuzaji, linganisha kadi na kibati cha nambari kilichomo ndani ya kiwiliwili, kisha uzisome nambari zilizopigwa mhuri juu ya vipande vyenyewe: zinazoanza na 300 asili yake ni Mark I, yaani toleo la kwanza, zinazoanza na 349 ni za Mark V, na zinazoanza na 361 ni za Mark IX. Usishangae kukuta 300 nyingi ndani ya Mark IX, kwa sababu kiwanda hakikubadilisha kipande ambacho hakikuwa na haja ya kubadilishwa. Lakini ukikuta 361 ndani ya ndege unayoambiwa kuwa ni Mark I halisi ya mwaka 1940, mshukuru mwuzaji kwa chai yake na uende zako.

Utauliza, ni kiasi gani cha ndege ya kale kinachohitajika ili ile mpya iitwe kwa jina la ile ya zamani? Swali hili limewagombanisha watu wazima. Mwezi Mei 1940, wakati majeshi ya Waingereza yalipokuwa yakijikusanya Dunkirk, Spitfire mbili zilitua kwa tumbo juu ya pwani ya Ufaransa, P9374 karibu na Calais tarehe 24 na N3200 huko Sangatte tarehe 26. Marubani wao wakachukuliwa mateka, na mchanga ukazimeza ndege. Ya kwanza ilijitokeza tena mwaka 1980, na ya pili ikafukuliwa mwaka 1986. Kilichotoka mchangani kilikuwa chuma kilichopondeka na kuliwa na chumvi, lakini nambari zake zilisomeka, na kutokana na masalia hayo mafundi waliziunda upya ndege mbili zilizoruka Duxford, moja mwaka 2011 na nyingine mwaka 2014. Hiyo P9374 iliuzwa mnadani London mwaka 2015 kwa zaidi ya pauni milioni 3, na mwenziwe akatolewa zawadi kwa makumbusho ya vita ya Duxford. Sisi watu wa pwani swali hili si geni kwetu, maana jahazi lililobadilishwa mbao leo na mataruma kesho, hata pasibaki ubao ulioguswa na fundi wa kwanza, huendelea kuitwa kwa jina lake na kulipiwa ushuru kwa jina hilo hilo, madhali halikupata kukoma kuwa jahazi. Rai yangu ni kwamba jina ni halali maadamu kila kipande kipya kimeandikwa kuwa ni kipya, na kila cha zamani kimeandikwa kuwa ni cha zamani. Aibu haimo katika kubadilisha. Imo katika kuficha.

Tena jihadhari na hadithi za hazina. Kwa muda mrefu palivuma habari kwamba Waingereza walizika Burma makumi ya Spitfire mpya ndani ya makasha, zikiwa zimepakwa grisi, na mwezi Januari 2013 walikwenda watu na mitambo ya kuchimbia mpaka uwanja wa ndege wa Yangon, wasipate hata bawa. Ndege nyingi zinazohuishwa hazikutoka katika makasha. Zilitoka mashambani, katika mabwawa, katika majalala ya vyuma, na juu ya nguzo za malango ya kambi ambako ziliwekwa pambo.

Kama una hiari, chagua Mark IX au ndugu yake Mark XVI, ambayo ni Mark IX yenye injini iliyoundwa Marekani na kampuni ya Packard. Zimesalia kwa wingi kuliko aina nyingine, na kwa hiyo vipande na maarifa yake havijawa adimu kupita kiasi. Wapo wanaoikimbilia Hurricane, ndege nyingine ya vita ya Waingereza, kwa kudhani kuwa ni rahisi, kwani mgongo wake ni mabomba, miti na kitambaa, nayo ndege hiyo si ngeni Afrika Mashariki, maana vikosi vya Afrika Kusini viliirusha kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941 katika vita na Waitalia. Wepesi huo ni wa macho tu. Boriti za kati za Hurricane zilitengenezwa kwa mabati ya chuma kigumu yaliyokunjwa yakawa mabomba yenye pande 12, na waliotaka kuihuisha walilazimika kwanza kuihuisha mashine ya kuyakunjia.

Baada ya nasaba huja idhini. Katika Uingereza ndege ya namna hii hairuki kwa cheti cha kawaida cha ndege za abiria, bali kwa kibali maalumu cha kuruka kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga na kuhakikiwa kila mwaka, na mamlaka hayo hayamkubali mtu mwenye mapenzi peke yake. Yataka kazi isimamiwe na kampuni iliyoidhinishwa, na kila hatua iwekewe saini na mkaguzi. Nenda kwao mapema, kabla hujang'oa ribiti ya kwanza, kwa sababu kazi nzuri isiyokaguliwa wakati ilipokuwa wazi itabidi ifunguliwe tena. Bunduki nazo, hata zikiwa zimekula kutu, ni silaha mbele ya sheria, na zipasa kubatilishwa na wenye mamlaka au kuondolewa. Mita za mbele ya rubani zina hatari nyingine isiyoonekana: maandishi yake yalipakwa rangi yenye radiamu ili yang'ae gizani, na vumbi la rangi hiyo likivutwa pumzini hudhuru kwa muda mrefu. Usizikwangue wala usizifungue kwa udadisi; wape wenye leseni.

Sasa unaweza kuishika spana. Lakini ni spana ipi? Nati na bolti za Spitfire hazifuati kipimo cha milimita wala kile cha Wamarekani, bali hesabu za kale za Waingereza zinazoanzia kwa Whitworth, na mwenye kuzifungua kwa spana ya gari lake atazimomonyoa pembe siku ya kwanza. Hata Packard, walipopewa kazi ya kuunda injini ya Spitfire huko Detroit, iliwabidi watengeneze vifaa vyao wenyewe vya kukata nyuzi za Kiingereza, ili kipande cha huko kiweze kuingia katika injini ya huku. Nunua seti kamili, iandike jina, na usimwazime mtu.

Kuvunja ndege ni kazi ya mwandishi zaidi kuliko ya fundi. Kila kipande kipigwe picha kikiwa mahali pake, kifungwe kibandiko, kiandikwe daftarini, kisha ndipo kitolewe. Na kilichovunjika kisitupwe, kwa kuwa kipande kibovu ndicho mchoro wa mwisho pale ambapo michoro ya kiwanda haisomeki. Aluminiamu haili kutu nyekundu kama chuma. Yake ni unga mweupe unaofanana na chumvi, na wakati mwingine bati huvimba na kuachana matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Bisbisi ikipenya mahali kama hapo, usihangaike na dawa. Ribiti za zama zile, nyingi zikiwa na magnesiamu ndani yake, ndizo zilizochakaa kwanza, hata utaona bati limesalimika lakini misumari yake imegeuka vumbi. Ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha ribiti zote bila ya kuzijadili moja moja, nami naafikiana nao.

Kiwiliwili huundwa ndani ya kiunzi cha chuma kilichofungwa sakafuni, kinachozishika fremu zote zikae katika mstari wake mpaka mabati yapigwe, kwani bati jembamba halina umbo la kutegemewa kabla halijaungana na wenzake. Fremu ya kuangaliwa kuliko zote ni ya tano, ile inayomtenga rubani na injini, kwa sababu hapo hukutana injini, boriti za mabawa na miguu ya kutulia. Ikikosea hata kwa unene wa ukucha, kosa hilo litasafiri mpaka mkiani, na utaligundua siku ambayo rubani atakuambia kuwa ndege yavuta upande.

Bawa ndilo linalostahiki kupewa siku nyingi. Watu husifu umbo lake la duaradufu, na ni kweli kwamba linapendeza. Fundi hulisifu kwa sababu nyingine na hulilaani kwa sababu hiyo hiyo. Boriti yake haikuchongwa katika kipande kimoja. Juu na chini yake kuna fimbo iliyofanywa kwa mabomba ya mraba yaliyopenyezwa moja ndani ya jingine, matano pale shinani ambako uzito wote hushikwa, nayo hupungua moja baada ya moja kadiri bawa linavyokwenda nchani, hata boriti ikawa nene penye mzigo na nyepesi pasipo na mzigo. Mbele ya boriti hiyo bati nene limekunjwa likafanya kasha mfano wa herufi D, na kasha hilo ndilo linalozuia bawa lisipindike. Ni hekima kubwa ya muundo, lakini pia ni mtego wa maji: unyevu ukiingia baina ya bomba na bomba hautoki, na ulaji wake hauonekani kwa jicho. Boriti ya zamani, hata ikiwa inang'aa kwa nje, usiitie hewani. Agiza mpya kwa wale wanaozitengeneza kwa michoro ya asili, wapo Uingereza wachache, na ile ya zamani uitundike ukutani. Bawa zima hushikwa na kiwiliwili kwa bolti 7 tu, tatu juu na tatu chini ya boriti kuu na moja nyuma, na tundu zake hupanuliwa kwa pamoja ili bolti ziingie kwa kusukumwa pasi na kuchezacheza. Siku hiyo usikubali wageni karakanani.

Kuhusu upigaji wa ribiti sina budi kusema neno, kwa kuwa ndipo waanzao hukata tamaa. Ribiti ngumu hutiwa kwanza katika joto la nyuzi karibu 500 kisha huzimwa majini, na hapo huwa laini kwa muda wa saa mbili hivi kabla hazijaanza kukaza. Mwenye kuchelewa huzipiga zikapasuka vichwa. Hila ya mafundi ni kuziweka katika friji lenye baridi kali, ambako ulaini wake hudumu kwa siku kadhaa, na kuzitoa chache chache kama mpishi atoavyo samaki. Kila ribiti yahitaji watu wawili, mmoja mwenye nyundo ya hewa nje na mmoja mwenye kipande cha chuma ndani, wasioonana wala kusikiana, wakaelewana kwa kugonga. Ukipata wawili wanaoelewana, walipe vizuri na usiwatenganishe.

Injini ni Merlin ya Rolls-Royce, yenye silinda 12 zilizopangwa mfano wa herufi V na ujazo wa lita 27, na katika Spitfire za mwanzo ilitoa nguvu za farasi zipatazo 1,030. Faraja yako ni kwamba ziliundwa karibu 150,000, kwani zilitumika pia katika Hurricane, Mosquito, Lancaster na Mustang. Kwa hiyo injini ni rahisi kupatikana kuliko kiwiliwili. Huzuni yako ni kwamba nyingi ziliachwa na maji ndani yake, na maji yakaila aluminiamu ya bloki kutoka ndani. Nunua mbili au tatu ili upate moja. Kila kipande cha chuma hujaribiwa kwa sumaku na unga wa chuma, ambao hukimbilia penye ufa na kuuchora. Vya aluminiamu hupakwa rangi inayopenya nyufa. Shafti kuu hupimwa kwa maikromita pale inapozunguka, na ikiwa imechakaa kupita kiasi kilichoandikwa, haibishaniwi. Kazi hii usiifanye mwenyewe hata kama ulijifunza ufundi kwenye malori. Wapelekee wenye meza ya kuijaribia, warejeshe injini iliyokwisha kuunguruma chini ya mizani na karatasi yake ya vipimo.

Rafadha nyingi za ndege hizi zilikuwa za mbao zilizogandamizwa, na kwa kuwa mbao hizo hazidumu, panga mpya hutengenezwa kwa ustadi huko Rosenheim, Ujerumani, jambo ambalo marubani wa 1940 wasingeliamini wakiambiwa. Kitambaa cha usukani na cha mapezi ya mkia, nyaya, mipira, matairi na viti sivielezi kwa urefu. Ni kazi ya subira kuliko ya maarifa, na vitabu vya kiwanda vinaitosheleza. Mfumo wa hewa iliyoshindiliwa tu ndio nitakaokusisitizia, maana breki za Spitfire huendeshwa kwa hewa, na mabapa ya kupunguzia mwendo nayo ni kwa hewa, wala hayana daraja za kati: ama yamefungwa ama yamefunguka yote. Uvujaji mdogo usiosikika mchana utaiacha ndege bila ya breki jioni.

Ndege ikishakamilika, ipime mizani kabla hujaisifia. Bunduki zilizotolewa mabawani na redio ya kale iliyotolewa nyuma zimehamisha uzito, na Spitfire yenye uzito mwingi mkiani huwa na tabia mbaya angani. Hesabu ikikuonyesha haja ya kuongeza risasi ya kusawazisha, iongeze na uiandike.

Kisha huja siku ya kuiwasha. Funga mkia kwa kamba madhubuti kwenye nanga ya ardhini, kwa sababu injini ikipewa nguvu mkia hunyanyuka na pua huelekea chini. Katika vita mkia ulikaliwa na watu. Mwezi Februari 1945, katika kiwanja cha Hibaldstow huko Lincolnshire, Margaret Horton, mmoja wa mabibi waliotumikia jeshi la anga, aliukalia mkia wa Spitfire AB910 ili isipeperuke na upepo ilipokuwa ikienda njiani, na rubani, asiyejua kuwa bibi huyo hajashuka, akaruka naye. Alipohisi uzito usio wa kawaida akazunguka na kutua, na bibi akashuka salama. Ndege yenyewe ingali ikiruka hadi zama zetu katika kikosi cha ukumbusho cha jeshi la anga. Kisa hiki kinachekesha kwa sababu kilimalizika vyema. Wewe tumia kamba.

Tazama joto la maji kuliko unavyotazama kitu kingine chochote. Spitfire za mwanzo zina rejeta moja chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu husimama mbele yake ukauziba upepo, hata injini ikichemka kwa dakika chache tu za kusubiri ardhini. Mpangie rubani njia fupi, omba ruhusa ya kuruka kabla hajawasha, na usimruhusu mpiga picha yeyote kumchelewesha.

Rubani huyo asiwe rafiki yako kwa sababu ya urafiki. Awe mtu aliyekwisha kuirusha Merlin mara nyingi, ajuaye kwamba pua ndefu humziba asione mbele na ni lazima aende akipinda huku na huku, na kwamba nguvu ya injini itamvuta kushoto wakati wa kupaa, hivyo mguu wake wa kulia uwe tayari. Safari ya kwanza iwe fupi, juu ya kiwanja, siku isiyo na upepo wa ubavuni. Mpe karatasi na kalamu ya kufunga pajani, aandike joto, shinikizo la oili na kila anachokisikia kwa viganja.

Akishatua, usimwulize kama amefurahi. Mwulize alichokiandika, nawe ukinakili kabla hajavua kofia. Fungua vifuniko vya injini ikiwa bado ina moto, pitisha mkono chini ya kila ungio la oili na la maji, kisha toa chujio la oili, limwage juu ya kitambaa cheupe, na ukiinamie kwa kioo cha kukuzia. Ukiona punje mbili tatu zinazong'aa, ziweke katika bahasha, andika tarehe na saa za injini, utie saini, na kesho ndege isiruke.